Pedi Imeingia, Konsoli Haiioni: Kutafuta Chanzo Kwenye Adapta za Konsoli za Zamani

Plagi kuingia kwenye soketi si ushahidi kwamba pedi na konsoli vitaelewana. Lazima mambo matatu yakubaliane: umbo la plagi, umeme unaopita humo, na lugha ambayo konsoli hutumia kuiuliza pedi batani zipi zimebonyezwa. Adapta za bei rahisi mara nyingi zimetatua umbo peke yake. Ndiyo maana mtu ananunua, anachomeka, inaingia vizuri kabisa, halafu kimya. Anairudisha dukani kama mbovu, wakati huenda ni nzima ila amepewa isiyo yake.

Mwongozo huu unamfaa mwenye banda la gemu Mwanjelwa aliye na PS2 tatu na pedi za kila aina, mtu wa Kihesa anayetaka kufufua gemu ya kanda ya utotoni (konsoli ya kuiga, inayochezwa kwa kuchomeka kanda), na fundi wa Makambako aliyeletewa adapta ambayo hajawahi kuiona. Tafuta dalili yako usome hapo, lakini usiruke sehemu ya kwanza.

Vifaa si vingi: mita ya kidijitali yenye mlio wa kupimia njia ya waya, bisibisi ndogo ya nyota, sindano nyembamba ya kusaidia ncha ya mita, rezista moja ya oumu 1,000, na pedi moja ya kila konsoli ambayo una hakika ni nzima. Hiyo pedi nzima ndiyo kipimo chako muhimu kuliko mita.

Kwanza, badilisha kitu kimoja kimoja

Vitu vinavyotegemeana hapa ni vinne: pedi, adapta, soketi ya konsoli na gemu yenyewe. Chomeka pedi halisi ya konsoli hiyo bila adapta. Ikigoma nayo, adapta haina kosa. Tatizo liko kwenye soketi au kwenye bodi. Ikikubali, jaribu adapta kwenye soketi ya pili, kisha jaribu pedi nyingine kwenye adapta ileile, kisha badilisha gemu. Gemu ndiyo watu huisahau, na kwenye PlayStation ya kwanza mara nyingi ndiyo chanzo.

Zima konsoli kila unapochomeka au kuchomoa. Plagi nyingi za miaka ya 1980 na 1990 hazikutengenezwa ili ethi iguse kabla ya pini nyingine, kwa hiyo ukichomeka kwenye konsoli inayowaka, umeme unaweza kuingia kupitia waya wa ishara kwanza. Chipu inaweza kuvumilia hilo mara hamsini na kufa mara ya hamsini na moja.

Kisha soma mwelekeo wa adapta. Karibu zote ni za njia moja. Ile yenye soketi mbili za PS2 upande mmoja na plagi ya USB upande wa pili hupeleka pedi ya PS2 kwenye kompyuta. Haiwezi kupeleka pedi ya USB kwenye PS2, hata ukipata kiunganishi cha kugeuza plagi, kwa sababu chipu iliyomo ndani imefundishwa kuuliza maswali tu. Haijui kuyajibu. Muuzaji akikwambia inaenda pande zote, mwombe aoneshe hapohapo.

PS1 na PS2: pedi haionekani kabisa

Hapa ndipo penye kesi nyingi, kwa sababu PS2 bado zinafanya kazi ya kulisha familia.

Tazama taa nyekundu ya ANALOG kabla ya kufungua chochote. Kila konsoli inapouliza, pedi hujitambulisha kwa namba. Pedi ya kawaida isiyo na vijiti hujibu 41 kwa hesabu ya heksadesimali. DualShock, yaani pedi ya Sony yenye vijiti viwili na mtetemo, taa yake ikiwaka hujibu 73. Gemu nyingi za PlayStation zilizotoka kabla ya DualShock kuingia sokoni mwaka 1997 zinaijua 41 peke yake. Zikisikia 73 zinaandika kwamba hakuna pedi. Bonyeza ANALOG taa izime, na pedi inafufuka. Adapta zinazoleta pedi za kisasa kwenye PS1 mara nyingi huanza na 73 moja kwa moja, kwa hiyo inaonekana zimekufa kumbe zinazungumza lahaja ngeni kwa gemu hiyo. Tafuta kwenye karatasi yake batani za kubadilishia, au jaribu gemu ya baadaye.

Taa ikiwa si tatizo, pima umeme wa soketi. Pini ziko 9 kwa mstari mmoja, zimegawanywa makundi matatu ya tatu tatu. Konsoli ikiwa imezimwa, weka ncha moja ya mita kwenye pete ya nje ya plagi ya njano ya waya wa picha, ambayo ni ethi, na ncha ya pili pitisha kwenye kundi la katikati. Inayolia iko pembeni mwa kundi hilo. Hiyo ni pini ya 4. Jirani yake wa ndani ya kundi ni pini ya 5. Jirani yake wa upande mwingine, aliye kwenye kundi la pembeni, ni pini ya 3. Sasa washa konsoli. Pini ya 5 inapaswa kuwa na volti 3.3 hadi 3.6, na pini ya 3, ambayo ni ya mota za mtetemo, karibu volti 7.5.

Pima kwa mkono uliotulia. Ncha ikiteleza ikaunganisha 3 na 4, utakuwa umechoma fyuzi uliyokuwa unataka kujua kama ni nzima.

Pini ya 5 ikiwa haina kitu, fyuzi ndogo ya bodi imekatika. Hizi ni fyuzi bapa, ukubwa wa punje ya mchele uliovunjika, na kwenye mabodi mengi zimeandikwa PS na namba karibu na soketi za pedi. Zipime kwa mlio, konsoli ikiwa imechomolewa ukutani. Weka mbadala wenye namba ileile ya ampea. Kuna mafundi wanaopitisha kipande cha waya, pedi inawaka, mteja anafurahi. Siku waya wa pedi utakapojikunja na kugusana, kitakachoungua ni njia ya bodi au chipu, na hapo hakuna tena cha kuokoa. Kataa marekebisho hayo.

Pini ya 3 ikiwa haina kitu lakini ya 5 iko sawa, pedi inafanya kazi bila mtetemo. Basi, si tatizo la adapta.

Sasa dalili ambayo inawachanganya hata mafundi wazuri: pedi inafanya kazi vizuri kwenye kompyuta kupitia adapta ya USB, lakini konsoli haiioni. Angalia waya wa pini ya 9. PlayStation huita pedi kwa waya mmoja, pini ya 6, na baada ya kila baiti pedi huitikia kwa waya mwingine, pini ya 9. Konsoli isiposikia itikio inakata mazungumzo. Adapta nyingi za USB hazijali itikio. Zinaendelea kusoma tu. Kwa hiyo waya huo ukikatika, mara nyingi ule wa kijani, kompyuta inaridhika na konsoli inagoma. Hukatikia pale kebo inapoingia kwenye pedi, panapokunjwa kila siku. Usiamini rangi kwenye pedi za kuiga. Fungua pedi, pima kwa mlio kutoka pini ya plagi hadi kwenye bodi, huku ukiikunja kebo.

Jambo jingine la PlayStation: pedi na memori kadi zinatumia nyaya zilezile za data, amri na mapigo. Kila soketi ina waya wake wa kuitwa, lakini barabara ni moja. Adapta mbovu inayong'ang'ania waya wa data inaweza kuifanya memori kadi isionekane. Mtu akilalamika kwamba kadi imekufa tangu aliponunua adapta, chomoa adapta kwanza kabla ya kuifomati kadi yenye ligi ya miezi sita.

Plagi ya pini 9: inaingia kila mahali, inafaa mahali pamoja

Sehemu hii isome polepole, maana ndipo vitu vinapoungua kweli.

Plagi ya mistari miwili, pini 5 juu na 4 chini, ilitumika kwenye Atari, Sega Master System, Sega Mega Drive, na pia kwenye gemu nyingi za kanda zilizoigwa kutoka Famicom, konsoli ya Nintendo ya mwaka 1983. Kwa macho ni ileile. Ndani ni nyumba tofauti zenye milango inayofanana.

Pedi ya Mega Drive inachukua chanya ya volti 5 kwenye pini ya 5 na ethi kwenye pini ya 8. Gemu nyingi za kanda hutoa chanya kwenye pini ya 6, na ethi ya 8. Pini ya 6 ya pedi ya Mega Drive ni mdomo wa chipu, mahali chipu inapotolea hali ya batani. Ukiichomeka kwenye gemu ya kanda, umeme unaingia kwenye chipu kupitia mlango wa kutokea. Pedi haifanyi kazi, chipu yake inaweza kupata joto, na ukiacha hivyo inaweza kufa. Kinyume chake, pedi ya gemu ya kanda kwenye Mega Drive kwa kawaida inabaki kimya tu, kwa sababu umeme haufiki inapouhitaji.

Usiende kwa ramani ya pini ya kubahatisha, maana waliotengeneza gemu za kuiga hawakufuata mpangilio mmoja. Pima. Tazama soketi ya konsoli usoni, safu ndefu ikiwa juu: pini ya 1 iko kushoto, ya 5 kulia, na safu ya chini inaanza 6 kushoto hadi 9. Washa konsoli, ncha nyeusi kwenye pete ya nje ya plagi ya njano, ncha nyekundu pitisha pini moja moja. Hapa kuna mtego. Utaona volti 5, au karibu, kwenye pini kadhaa, kwa sababu nyaya za ishara zimeshikiliwa juu na rezista ndani ya konsoli. Chanya ya kweli utaijua hivi: unganisha ile rezista ya oumu 1,000 kati ya pini unayopima na ethi. Chanya inabaki 5 kamili. Za ishara zinashuka, kidogo au sana. Ukishaijua chanya, linganisha na pini ambayo pedi yako inachukulia umeme. Zisipolingana, unahitaji adapta yenye nyaya zilizopangwa upya, na kama lugha pia ni tofauti unahitaji yenye chipu ndani.

Kati ya Mega Drive na gemu ya kanda, lugha ni tofauti kabisa, kwa hiyo kupanga nyaya peke yake hakutoshi. Kati ya Master System na Mega Drive kuna undugu: pedi ya Master System inafanya kazi kwenye Mega Drive kama batani B na C, bila Start, kwa hiyo kuna gemu utashindwa hata kuzianzisha.

Mega Drive: mhusika anajiendea mwenyewe

Pedi ya batani 6 inapeleka X, Y na Z kwa kuhesabu mapigo ya waya wa kuchagua, ule wa pini ya 7. Gemu za mwanzo hazikutarajia hesabu hiyo. Baadhi huupiga waya huo mara nyingi ndani ya fremu moja, pedi inadhani inaulizwa batani za ziada, nayo inatoa majibu ambayo gemu inayasoma kama mishale. Mhusika anaruka au anatembea bila kuguswa. Shikilia batani ya MODE wakati unawasha konsoli, pedi ijifanye ya batani 3. Adapta inayoiga pedi ya batani 6 inahitaji mpangilio huohuo. Isiyokuwa nao, usiitumie kwa gemu hizo.

NES, SNES na gemu za kanda: batani moja inabonyeza zote

Pedi hizi ndizo rahisi kuliko zote kuzichunguza, kwa sababu kila waya ukikatika una dalili yake. Ndani ya pedi ya NES kuna chipu moja ya 4021. Kwenye SNES kuna kazi ya mbili za namna hiyo. Konsoli inatuma ishara kwenye waya wa kunasa, chipu inashika hali ya batani zote kwa wakati mmoja. Kisha waya wa mapigo unazitoa moja moja kwenye waya wa data: kwenye NES ni A, B, Select, Start, Juu, Chini, Kushoto, Kulia. Batani iliyobonyezwa inaonekana kama 0, isiyobonyezwa kama 1.

Ukilijua hilo, dalili zinajieleza. Ukibonyeza A na adapta ikaonesha batani zote nane zimebonyezwa, huku nyingine zikiwa hazina athari yoyote, waya wa mapigo umekatika: konsoli inauliza mara nane na kila mara inajibiwa hali ya A. Kwenye SNES dalili hiyohiyo inatokea kwa batani B, kwa kuwa ndiyo ya kwanza kwenye foleni. Batani zote zikionekana zimebonyezwa bila kugusa chochote, waya wa data umegusana na ethi. Kusipoonekana chochote kabisa, waya wa data umekatika. Pedi ikifanya kazi kwa kubahatisha, mara inaitika mara haiitiki, pima chanya kabla ya kulaumu chipu; chipu za aina hii zinaweza kujiendesha kwa kunyonya umeme kidogo kutoka kwenye nyaya za ishara, na hapo zinatoa majibu ya uongo.

NES na SNES zinazungumza lugha moja, kwa hiyo adapta kati yao ni nyaya tupu bila chipu. Ukitumia pedi ya SNES kwenye NES, B inakuwa A na Y inakuwa B. Mteja akisema batani zimehama, si ubovu. Foleni ya bit ndivyo ilivyo.

Nintendo 64 na GameCube: anatembea, hakimbii

Kijiti cha N64 halisi hakifiki 127, namba ya juu kabisa ambayo pedi inaweza kutuma kwa upande mmoja. Kikiwa kizima hufika takribani 80 hadi 85 kila upande, na kilichochakaa hushuka chini ya hapo. Adapta ya USB inayodhani mwisho ni 127 itaona kijiti kilichosukumwa hadi ukingoni kama kilichosukumwa theluthi mbili, na mhusika anabaki anatembea. Rekebisha kiwango kwenye mipangilio ya programu, si kwenye kijiti. Upande wa pili, kijiti cha GameCube kikipelekwa kwenye N64 bila kupunguzwa kinakuwa kikali mno, kikiguswa kidogo tu mhusika anakimbia.

Mhusika akijisogeza mwenyewe kuelekea upande mmoja, kuna uwezekano kijiti kilikuwa kimeguswa wakati wa kuwasha. Pedi hizi huchukua mahali kijiti kilipo wakati umeme unaingia kama katikati. Kwenye N64 acha kijiti, bonyeza L, R na Start kwa pamoja. Kwenye GameCube shikilia X, Y na Start kwa sekunde 3.

Adapta ya GameCube ya plagi mbili za USB, iliyotoka kwa ajili ya Wii U mwaka 2014, inahitaji plagi nyeusi kwa data na ya kijivu kwa umeme wa mtetemo. Mtetemo ukikosekana, chomeka ya kijivu. Adapta za kuiga zina swichi ya kuchagua kompyuta au Wii U. Ikiwa upande usio wake kompyuta inaonesha kifaa lakini batani hazisogei.

Anayejitengenezea adapta asipeleke volti 5 kwenye waya wa data wa konsoli hizi. Ni wa volti 3.3.

Adapta za Bluetooth

Watu wengi sasa wanatengeneza adapta za BlueRetro, programu inayounganisha pedi za Bluetooth na konsoli za zamani, kwa kutumia bodi ndogo ya ESP32, na ni kazi nzuri inayostahili kusifiwa, lakini kuna kosa la ununuzi linalojirudia. ESP32 ya kwanza, yenye moduli kama WROOM-32, ina Bluetooth ya kawaida na ile ya nishati ndogo. ESP32-S3 na C3 zina ile ya nishati ndogo tu, na S2 haina Bluetooth kabisa. Pedi za DualShock 4, za PS3 na za Wii zinatumia Bluetooth ya kawaida. Ukinunua S3 kwa sababu ni mpya na bei imekaribiana, pedi ya PS4 haitaiona milele, hata uandike programu upya mara kumi.

DualShock 4 inaunganishwa kwa kushikilia SHARE na PS hadi taa ipepese haraka. Pedi ya PS3 ni tofauti: lazima iandikiwe anwani ya adapta kupitia kebo ya USB kwanza. Hapo ndipo kebo za kuchajia tu zinapopoteza muda wa watu. Kebo ina chanya na ethi, haina nyaya za data; pedi inachaji vizuri na kompyuta haioni kitu. Jaribu kebo hiyo kwa kuhamisha picha kutoka kwenye simu kabla ya kuitumia.

Adapta ikiwaka na kuzima kila pedi inapotaka kuunganishwa, au picha ya televisheni ikitikisika wakati huohuo, ni njaa ya umeme. Watengenezaji wa ESP32 wanashauri chanzo cha miliampea 500 au zaidi, wakati soketi ya konsoli ya zamani ilikusudiwa pedi inayokula kidogo sana. Ipe adapta volti 5 kutoka mlango wa USB wa televisheni, unganisha ethi yake na ethi ya konsoli, na usiunganishe chanya mbili pamoja. Epuka chaja za simu za bei ya kutupa kwa kazi hii. Nyingi zinavujisha umeme kidogo, na utausikia ukigusa chuma cha televisheni. Unganisha kila kitu kwanza, ndipo uwashe.

Kwenye banda la mabati lenye pedi nne au zaidi zisizo na waya na ruta ya intaneti juu ya meza, tarajia kukatikakatika. Wote wanatumia masafa ya GHz 2.4. Ihamishe ruta, au rudisha pedi mbili kwenye waya.

Watu wanne, soketi mbili

Kigawanyi cha pedi cha PlayStation (multitap) kina vizazi, na unavijua kwa namba ya modeli. SCPH-1070 ni cha gemu za PS1. SCPH-10090 ni cha gemu za PS2 kwenye konsoli nene, na SCPH-70120 ni cha konsoli nyembamba. Gemu ya mpira ya PS2 haitawaona wachezaji wa ziada kupitia SCPH-1070, ingawa kinaingia. Na ukicheza gemu ya PS1 ndani ya PS2, unarudi kwenye SCPH-1070. Kama kigawanyi ni sahihi na bado wanaonekana wawili, angalia kama kimechomekwa soketi ya 1 au ya 2. Gemu nyingine zinakitaka mahali maalumu na huandika hivyo kwenye kijitabu chake.

Batani inachelewa

Televisheni ya mfumo wa PAL huchora picha upya kila milisekunde 20. Adapta ya USB ya kawaida inasomwa kila milisekunde 8 au chini, kwa hiyo peke yake si rahisi ikufanye ukose penalti. Anza na televisheni: washa hali ya gemu. Ukiwa na televisheni ya chogo, linganisha kwa hiyo. Kama kwenye chogo hakuna kuchelewa, adapta imeshinda kesi. Na bunduki za mwanga za zamani zinahitaji chogo. Hakuna adapta ya plagi itakayozifanya zilenge kwenye kioo bapa.

Kwenye kompyuta

Kwenye Windows andika joy.cpl kwenye sehemu ya kuendesha programu, utaona batani zikiwaka unapozibonyeza. Zikiwaka hapo na gemu haizioni, adapta ni nzima. Gemu inataka mfumo wa pedi ya Xbox na adapta inatoa ule wa zamani. Tumia programu ya kutafsiri. Mkeka wa kuchezea dansi ukikataa kushoto na kulia kwa pamoja, adapta inasoma mishale kama kijiti kimoja, na kijiti hakiwezi kuelekea pande mbili. Hapo tafuta adapta inayosoma mishale kama batani nne.

Inafanya kazi mchana, asubuhi inagoma

Kifaa kilicholala kwenye buti la gari usiku wa Julai kutoka Njombe, kikiingizwa kwenye chumba chenye jiko, kinatoa jasho kwenye pini. Kiache ndani ya mfuko uliofungwa saa moja au mbili kipate joto la chumba kabla ya kuwasha. Tukuyu, ambako mvua haiishi, tatizo ni la kudumu: pini zinapata ukungu wa kijani au weusi, na adapta inaitika ukiitikisa. Safisha kwa alkoholi ya asilimia 90 au zaidi na brashi ya meno laini. Baadhi ya spiriti za kusafishia vidonda zimechanganywa mafuta yanayobaki kwenye pini, kwa hiyo dondosha tone kwenye kioo kwanza. Likikauka na kuacha utando, usilitumie.

Batani zinazohitaji kukandamizwa kwa nguvu, fungua pedi utoe raba zenye kaboni nyeusi. Zisugue taratibu juu ya karatasi nyeupe isiyo na maandishi, mara kumi au kumi na tano, hadi zipate weusi usio na mng'ao. Usitumie msasa; kaboni ni tabaka jembamba na ikiisha haipakwi upya kirahisi. Bodi iliyo chini yake ipanguse kwa alkoholi hiyohiyo, iache dakika kumi, kisha funga na ujaribu kila batani kwenye joy.cpl kabla ya kurudisha skrubu ya mwisho.